Tangi la Kwanza la Samaki Lenye Mimea Hai: Mimea Kwanza, Samaki Baadaye

Wanaoanza wengi hununua tangi na samaki siku moja, kisha hutafuta mimea baadaye kama pambo. Mwongozo huu unageuza mpango huo. Hapa mimea ndiyo wenyeji, na samaki ni wageni wanaofika mwisho, majuma kadhaa baada ya tangi kujazwa maji. Ukiweza kuvumilia majuma hayo ya kutazama majani tu, sehemu kubwa ya matatizo yanayowakatisha watu tamaa hutayaona kabisa.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1850 mkemia Mwingereza Robert Warington alieleza mbele ya Jumuiya ya Wakemia ya London jinsi alivyowafuga samaki wa dhahabu pamoja na mmea wa Vallisneria ndani ya chombo kimoja. Mambo yalikwenda vizuri hadi majani yaliyozeeka yalipoanza kuoza na maji kuchafuka. Akatia konokono wa majini, wakala uozo ule, na maji yakatakata. Mmea, samaki, msafishaji: hadi leo tangi la mimea halijaongeza mengi juu ya hapo, isipokuwa taa na pampu.

Ukubwa na mahali pa kuliweka

Usidanganywe na udogo. Tangi la lita 10 au 20 linaonekana rahisi, lakini maji machache hubadilika haraka: chakula kikizidi kidogo, maji yanaharibika kabla hujajua, chumba kikipata joto, maji nayo yanapata joto. Anza na lita 60 hivi. Kipimo cha sentimita 60 kwa 30 kwa 35 kinakupa lita 63, na taa nyingi hutengenezwa kwa urefu huo.

Piga hesabu ya uzito kabla ya kuchagua meza. Lita moja ya maji ni kilo moja. Ukijumlisha kioo, changarawe na mawe, tangi hilo litafika kilo 80 hadi 90, na uzito huo utakaa pale usiku na mchana kwa miaka. Meza ya vitabu isiyo imara italegea polepole. Weka pimamaji juu ya meza, kwa urefu na kwa upana. Meza iliyoinama husukuma uzito upande mmoja wa kioo na hatimaye maungio huachia. Kama kitako cha tangi ni kioo kitupu, tandika chini yake mkeka laini wa sponji ngumu ili punje ya mchanga isije ikakipasua. Kama tangi lina fremu ya plastiki chini, mkeka hauhitajiki.

Liweke mbali na dirisha linalopigwa na jua, kwa kuwa jua la moja kwa moja ni karamu ya mwani, ule uoto wa kijani unaotanda kwenye vioo na majani. Acha nafasi ya kama sentimita 10 nyuma kwa ajili ya mipira na nyaya. Na amua mahali mara moja tu: tangi lenye maji halisogezwi, hata kwa sentimita mbili.

Vifaa

Chujio la sponji linaloendeshwa na pampu ya hewa linatosha kabisa kwa tangi la kwanza. Ni rahisi, halina vipuri vingi vya kuharibika, na haliwezi kuwanyonya samaki wadogo. Ukitaka chujio la kuning'inia ukingoni, chagua linalopitisha ujazo wa tangi mara nne au tano kwa saa, yaani lita 240 hadi 300 kwa tangi la lita 60. Kwenye mpira wa pampu ya hewa funga vali ya kuzuia maji yasirudi. Umeme ukikatika, maji yanaweza kupanda kwenye mpira huo na kumwagikia pampu. Nyaya zote zining'inie chini ya soketi kwanza ndipo zipande kuingia kwenye soketi, ili tone linalotembea juu ya waya lidondokee sakafuni.

Kama maji ya chumbani hushuka chini ya nyuzi 22, nunua hita ya wati 50 hadi 100. Hita huzimwa kabla ya kupunguza maji, kwa kuwa kioo chake kikiwa na moto kisha kikapata hewa hupasuka.

Vingine: taa ya LED iliyotengenezwa kwa ajili ya mimea ya majini, taima ya kuiwasha na kuizima, kipimajoto, dawa ya kuondoa klorini, vipimo vya maji vya matone (vya karatasi ni vya kubahatisha), kibano kirefu, mkasi, mpira wa kunyonya maji, na ndoo mbili ambazo hazijawahi kuguswa na sabuni wala hazitaguswa. Mtungi wa kaboni dioksidi achana nao kwa sasa. Unaharakisha ukuaji, ndiyo, lakini unaharakisha na makosa. Mimea nitakayoitaja hapa chini inaishi bila huo.

Tabaka la chini, mawe na gogo

Kuna njia mbili za kweli. Ya kwanza ni udongo maalumu wa akwaria, unaouzwa ukiwa chembechembe ngumu. Una rutuba tayari na hulainisha maji, yaani huyapunguzia chokaa, lakini hutoa amonia, sumu nitakayoieleza mbele, katika majuma ya mwanzo. Udongo huu hausuuzwi. Ukiuosha unageuka matope. Ya pili ni changarawe ya punje za milimita 2 hadi 3 ambayo yenyewe haina chakula, ukaiongezea vidonge vya mbolea karibu na mizizi. Kwa tangi la kwanza nachagua changarawe. Unaweza kung'oa mmea na kuupanda upya mara tano bila kuchafua maji, na anayeanza hung'oa na kupanda upya sana.

Unahitaji kiasi gani? Zidisha urefu kwa upana kwa kina unachotaka. Sentimita 60 kwa 30 kwa 6 ni sentimita za ujazo 10,800, karibu lita 11, ambazo kwa changarawe ni kama kilo 17. Isuuze kidogo kidogo kwenye ndoo, ukiikoroga kwa mkono, mpaka maji yanayomwagika yawe maangavu. Kazi hii inachosha na haina njia ya mkato. Itandaze ikiwa na mteremko: sentimita 4 mbele, 7 au 8 nyuma. Mteremko huo unalifanya tangi lionekane lina kina kuliko lilivyo, na unaipa mimea mirefu ya nyuma mahali pa kushika mizizi.

Mchanga wa pwani na vipande vya matumbawe viache, kwa kuwa vina chokaa inayoyafanya maji kuwa magumu. Mawe uliyoyaokota yajaribu kwa matone ya siki: likitoa mapovu, lina chokaa. Siki ya jikoni ni dhaifu, kwa hiyo inama utazame kwa karibu, na ulikwaruze jiwe kwanza ili siki iguse sehemu mpya. Mawe mazito yakae juu ya kioo chenyewe na changarawe izungushiwe baadaye, yasije yakaporomoka samaki wakichimba chini yake.

Gogo lilowekwe hadi lizame lenyewe. Litatoa rangi kama ya chai. Ni tanini, haina madhara, na itapungua kila ukibadilisha maji. Majuma ya mwanzo huota utelezi mweupe kama kamasi. Unachukiza lakini hauumizi, na huisha wenyewe.

Kuchagua mimea

Kosa ambalo halionekani kama kosa ni kununua mimea michache ya kujaribia. Miche mitatu ndani ya lita 60 haiwezi kula virutubisho vyote vilivyomo, na kinachobaki kinaliwa na mwani. Nunua mingi kwa mara moja, kiasi cha kufunika karibu theluthi mbili za sakafu ya tangi, na sehemu kubwa iwe ya mimea inayokua haraka. Hii ndiyo itakayofanya kazi ya kusafisha maji mwanzoni, hata kama baadaye utaiondoa kwa sababu sura yake haikupendezi.

Wanaokua haraka ni Hygrophila difformis, Limnophila sessiliflora, Vallisneria, na Ceratophyllum demersum. Huyu wa mwisho hana mizizi kabisa: unamwachia aelee, au unamkandamiza kwa jiwe. Juu ya maji unaweza kuweka Salvinia au Limnobium laevigatum, ambazo hunywa virutubisho kwa kasi na kupunguza mwanga unaofika chini.

Wanaokua polepole ndio wanaolipa tangi umbo la kudumu. Anubias, asili yake Afrika ya magharibi na kati, ina majani magumu ambayo samaki wengi hawayawezi. Jimbi la Java, Microsorum pteropus, hukua penye kivuli. Cryptocoryne wendtii ya Sri Lanka hupendeza sana katikati ya tangi, ila ina tabia moja ya kushtua: ikihamishwa, majani yake yote yanaweza kuyeyuka ndani ya siku chache na kubaki utelezi. Usiitupe. Mizizi iko hai, na baada ya wiki mbili tatu inachipua upya.

Jambo hilohilo huipata mimea mingi mingine kwa namna ya upole zaidi. Wakulima wa mimea ya akwaria mara nyingi huikuza nje ya maji, mizizi ikiwa kwenye unyevu na majani hewani. Ukiizamisha, majani yale ya hewani yanazeeka na kufa, na mapya ya majini yanatoka yakiwa membamba na laini zaidi. Kwa hiyo mwezi wa kwanza usiuhukumu mmea kwa majani uliokuja nayo. Tazama nchani, panapochipua.

Jihadhari na mimea ya nchi kavu inayouzwa ikiwa imezamishwa ndani ya maji. Dracaena sanderiana, ile inayouzwa kama mwanzi wa bahati, ni mmojawapo. Chlorophytum yenye michirizi myeupe ni mwingine. Hubaki ya kijani kwa majuma kadhaa, mnunuzi anafurahi, kisha huoza kuanzia chini. Majani yenye nta ngumu yanayosimama yenyewe nje ya maji bila kulegea yanatakiwa kukutia shaka, ingawa Anubias nayo iko hivyo. Ni heri kwenda dukani ukiwa na majina ya kisayansi kwenye karatasi.

Kupanda

Tenga nusu siku. Usilijaze tangi kwanza. Mwaga maji mpaka yafike juu kidogo ya changarawe, basi. Changarawe iliyolowa inashika mizizi, ile kavu inaiachia. Weka kando chupa ya kupulizia maji, na kila baada ya dakika chache inyunyizie mimea uliyokwisha kupanda, kwa kuwa majani ya majini hukauka upesi.

Ondoa kopo la plastiki, kisha chambua ile sufi ya kahawia iliyoshikilia mizizi. Kazi hii hufanywa vizuri zaidi ndani ya bakuli la maji, kwa vidole na ncha ya kibano, ukivuta nyuzi kwa kufuata mizizi inakoelekea. Vipande vichache vikibaki si neno. Ukiona ute wenye vidoa chini ya jani, hayo ni mayai ya konokono. Mimi huyaacha. Konokono wadogo hula majani yaliyokufa, kama wale wa Warington, na huongezeka kupita kiasi pale tu chakula kinapomwagwa kupita kiasi.

Punguza mizizi kwa mkasi ibaki sentimita 2 au 3. Shika mmea kwa kibano pale mizizi inapoanzia, kibano na mizizi vikielekea upande mmoja. Zamisha kwa mshazari, si wima, mpaka mizizi yote ifukiwe. Legeza kibano kidogo tu, kitikise, kisha kichomoe polepole kwa njia ileile kilikoingilia. Ukikifungua kwa nguvu ndani ya changarawe unafungua shimo, na mmea unaelea. Ukiona umezama mno, uvute juu kidogo hadi kitovu, pale majani yanapotokea, kionekane. Vallisneria iliyofukiwa kitovu huoza.

Mimea ya mashina, kama Hygrophila, inakuja ikiwa imefungwa fungu moja. Fungua. Kila shina lipandwe peke yake, likiwa limeondolewa majani ya sentimita 3 za chini, na liwe mbali na jirani yake kwa sentimita 2 au 3. Fungu likizikwa lilivyo, mashina ya katikati hayapati mwanga na yataoza.

Anubias na jimbi la Java hazipandwi changaraweni. Zina shina nene linalolala, ambalo mizizi hutoka chini yake na majani juu, likifukiwa linaoza. Lifute kwa kitambaa, weka tone la supa gluu nzito ya jeli kwenye jiwe au gogo, bandika, kandamiza kwa sekunde 20. Gluu itageuka nyeupe ikigusa maji. Haina sumu ikishakauka, na baada ya miezi michache mizizi itaificha. Asiyependa gluu afunge kwa uzi wa pamba.

Vidonge vya mbolea visukumwe chini kabisa, karibu na Cryptocoryne na Vallisneria, kila baada ya sentimita 10 au 15.

Kujaza maji

Weka sahani au mfuko wa plastiki juu ya changarawe, mwagia hapo polepole. Ukikimbilia hapa utapoteza kazi ya nusu siku kwa dakika mbili.

Maji ya bomba huwa na klorini ambayo inaua bakteria unaowahitaji na kuunguza mashavu ya samaki. Klorini ya kawaida hutoka yenyewe maji yakikaa kwenye chombo kilicho wazi kwa siku nzima huku pampu ya hewa ikiyatikisa, lakini baadhi ya mitambo hutumia kloramini, muungano wa klorini na amonia, ambayo haiondoki kwa njia hiyo. Dawa nyingi za kuondoa klorini hushughulikia zote mbili, na ukijaza moja kwa moja ndani ya tangi pima dawa kwa ujazo wa tangi zima.

Washa chujio, na tangu saa hiyo lisizimwe usiku. Siku ya pili au ya tatu maji yanaweza kuwa meupe kama yamemwagiwa maziwa. Ni bakteria wanaozaliana majini. Usibadilishe maji yote, usitie dawa ya kusafisha, yatatulia.

Mwanga

Kama ningeruhusiwa kumpa anayeanza ushauri mmoja, ningechukua taima yake na kuipunguza. Taa nzuri humfanya mtu atake kuiona ikiwaka kuanzia asubuhi hadi usiku. Lakini mimea iliyopandwa jana haina mizizi, majani yake yako mbioni kufa, na haiwezi kuutumia mwanga huo. Mwani unaweza, tena tangu siku ya kwanza.

Anza na saa 6 kwa siku, kwa taima, saa zilezile kila siku. Zipange zianze jioni ukiwa nyumbani kama unataka kuliona tangi likiwaka. Mimea haijali ni saa ngapi. Baada ya mwezi, mimea ikichipua na vioo vikibaki safi, ongeza nusu saa kila wiki hadi ufike saa 8. Zaidi ya hapo hupati kitu. Kama taa ina kidhibiti, tumia nusu ya nguvu yake mwanzoni.

Majuma ya kusubiri

Taka za samaki, chakula kilichobaki na majani yaliyooza hutoa amonia, ambayo ni sumu kali. Bakteria wa kundi moja huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huistahimili kwa kiasi kikubwa na mimea huila. Tangi jipya halina makundi hayo ya kutosha. Yanakua polepole juu ya sponji ya chujio, changarawe na mawe, na kwa kawaida huchukua wiki 4 hadi 6. Kwa bahati njema ya historia, mwana wa yule Warington wa 1850, aliyeitwa Robert kama baba yake, ndiye aliyeonyesha katika kituo cha kilimo cha Rothamsted, Uingereza, kwamba kazi hii hufanyika udongoni kwa hatua mbili, kila hatua na kiumbe wake.

Bakteria hao wanahitaji kulishwa kabla samaki hawajaja. Tumia amonia isiyo na manukato wala sabuni, ukiitia kidogo kidogo huku ukipima hadi ufike miligramu 2 kwa lita. Ukitumia udongo maalumu wa akwaria pengine hutahitaji kutia chochote; udongo wenyewe unatoa. Pima kila baada ya siku mbili au tatu na uandike. Kwanza amonia inakaa juu bila kusogea, kisha inaanza kushuka huku nitriti ikipanda. Baadaye nitriti nayo inaanguka, mara nyingi ghafla, na nitrati inaonekana. Nitriti ndiyo inayochosha, inaweza kukaa juu kwa wiki mbili bila dalili ya kushuka.

Penye mimea mingi picha hii haijitokezi waziwazi. Mimea hunywa amonia moja kwa moja, na vipimo vyako vinaweza kuonyesha sifuri kwa nitriti tangu mwanzo hadi mwisho. Usidhani kipimo kimeharibika. Jaribio la kuaminika ni hili: tia amonia ifike miligramu 2 kwa lita, pima baada ya saa 24. Amonia sifuri, nitriti sifuri, tangi liko tayari.

Njia ya kuaminika zaidi ya kufupisha muda ni kipande cha sponji kutoka kwenye chujio la tangi la zamani lenye samaki wazima. Kisafirishwe kikiwa na maji ya tangi hilohilo, na kiingie kwenye tangi lako siku hiyohiyo. Joto la nyuzi 25 hadi 28 linasaidia pia. Maji yenye pH (kipimo cha asidi) chini ya 6 karibu yanaisimamisha kazi yote.

Katika majuma haya badilisha nusu ya maji kila wiki. Utaona vumbi la kahawia juu ya vioo na majani: ni diatomu, mwani wa chembe ndogo sana, hufutika kwa kidole, na huondoka zenyewe kufikia mwezi wa pili. Nyuzi za kijani zivingirishe kwenye mswaki na uvute, kisha punguza mwanga kwa saa moja. Utando wa kijani-bluu unaonuka na kubanduka kama ngozi si mwani bali ni bakteria. Unyonye kwa mpira, ongeza mzunguko wa maji, na toa majani yote yanayooza.

Samaki

Pima ugumu wa maji yako kwanza, kisha chagua samaki wanaoyataka. Kuyabadilisha maji ili yamfuate samaki ni vita ya kila wiki. Maji magumu yanawafaa guppy. Chukua madume matupu, kwa kuwa jike mmoja aliyekwisha kupandwa huendelea kuzaa kwa miezi bila dume kuwepo. Maji laini yanawafaa neon tetra na ember tetra, wanaotaka kuwa kundi la 8 au zaidi. Betta dume anaweza kulimiliki tangi zima peke yake na akapendeza kuliko kundi.

Samaki wa dhahabu mwache: hukua mkubwa, huchafua sana, na hula mimea. Yule mnyonya vioo anayeuzwa akiwa na urefu wa kidole, pleco wa kawaida, hupita sentimita 30. Kwa kazi ya kula mwani chukua konokono aina ya nerite. Mayai yao hayaanguliwi kwenye maji yasiyo na chumvi, japo yatabaki vidoa vyeupe kwenye gogo.

Siku moja kabla, badilisha nusu ya maji. Leta kundi moja tu. Zima taa, elesha mfuko juu ya maji kwa dakika 15 hadi 20 joto lilingane, kisha ongeza maji ya tangi mfukoni kidogo kidogo kwa nusu saa. Watoe kwa wavu. Maji ya mfuko yamwagwe nje. Kundi la pili lisubiri wiki mbili, huku ukipima amonia.

Chakula mara moja kwa siku, kile wanachomaliza kwa dakika mbili. Samaki ataomba kila akikuona. Usimsikilize.

Kazi za kila wiki

Badilisha theluthi moja ya maji, kwa maji ya joto linalokaribiana. Sponji ya chujio ikipunguza kasi, ikamue ndani ya ndoo ya maji uliyoyatoa tangini, kamwe si bombani. Tia mbolea ya maji baada ya kubadilisha, kuanzia nusu ya kipimo kilichoandikwa.

Majani yatakuambia kinachopungua. Ya zamani yakiwa njano wakati mapya ni mazima, nitrojeni imepungua. Vitundu vidogo kama vya sindano kwenye majani ya zamani huashiria potasiamu. Majani mapya yakitoka meupe-njano na mishipa ya kijani, ni chuma. Badilisha kitu kimoja, subiri wiki mbili, ndipo uguse kingine. Jani lililokwisha kuharibika halipoi, kwa hiyo tazama yale yatakayotoka baadaye.

Mimea ya mashina ikifika juu, kata kipande cha juu cha sentimita 10 hadi 15 na ukipande kando ya shina la zamani, ambalo litatoa matawi mawili. Ndivyo kichaka kinavyonenepa bila kununua mche mwingine. Mimea inayoelea ipunguzwe kila wiki, isifunike zaidi ya nusu ya maji.

Vilivyokatwa na kuchotwa visitupwe mtoni, ziwani, wala kwenye mtaro. Salvinia na Ceratophyllum huota kutokana na kipande kidogo tu, na mahali ambapo si kwao huweza kuziba maji yote. Vianike juani mpaka vikauke kabisa, kisha viingie kwenye mboji.